Mama Tone na Damu ya Kuaga

Miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo si yangu. Ni ya ofisi ya utumishi, nami nimeinakili kama nilivyoikuta. Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Mei, mtaalamu wetu mwandamizi wa maabara ya watoto alistaafu rasmi baada ya kuitumikia hospitali hii kwa muda wote huo. Wengi mnamjua kwa jina la Mama Tone. Wapo waliokuja kazini hapa, wakapanda vyeo na wakahama bila kuwahi kulisikia jina lake jingine.

Nilipomwambia kwamba nitaandika habari zake kwenye jarida letu la wafanyakazi, alinipa masharti mawili: nisimwite shujaa, na nisizidishe ukurasa mmoja. La kwanza nimelitii.

Alipofika hapa alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, ana cheti kipya, viatu vya kuazima na mtoto wa miezi saba nyumbani. Maabara ya watoto wakati huo ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na hadubini moja, sinki moja, na dirisha lisilofunga ambalo aliliziba kwa filamu za zamani za eksirei. Jua likiwaka, kivuli cha mbavu za mtu asiyejulikana kilikuwa kikilala mezani juu ya kazi zake. Alizoea. Alisema mwenye mbavu hizo ndiye msaidizi wake wa kwanza, na kwamba hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Yule mtoto wake wa miezi saba, kifungua mimba wake, alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Mama Tone aliwahi kusimama kando, katika hospitali nyingine, akihesabu sindano tano alizochomwa mtoto mkononi kabla damu haijapatikana. Aliniambia habari hiyo mwaka wa kwanza nilipohamishiwa wodi ya lishe, tukiwa tunakausha mikono kwa taulo moja. "Mdogo wangu," alisema, "ile ya sita, ama angenichoma mimi, ama ningemchoma yeye."

Kutokana na sindano zile tano alijiwekea kanuni, nayo akaifanya kanuni ya sisi sote: mtoto huchomwa mara moja. Ukikosa, weka sindano chini, mwite mwenzako. Watoto wenye utapiamlo mkali wana mishipa myembamba kama uzi, na huzama ndani mkono ukiwa baridi. Kwa hiyo yeye aliosha mikono yake kwa maji ya uvuguvugu, akafunika mguu wa mtoto kwa kitambaa cha moto kidogo, akaketi. Hakuwa na haraka. Alizungumza na mama wa mtoto habari za kawaida kabisa, bei ya sabuni, mkwe mkorofi, na mama alipoanza kucheka, damu ilikuwa tayari imeshapatikana.

Madaktari vijana walimwogopa kuliko walivyowaogopa maprofesa wao. Mmoja aliandika vipimo saba kwa mtoto mmoja siku moja. Mama Tone alimfuata wodini na karatasi mkononi. "Daktari, huyu ana kilo nne na nusu. Damu yake yote, kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, ni chupa moja ya soda. Wewe unataka nikuletee mafunda mangapi?" Daktari alibaki na vipimo vitatu. Siku hizi ni bingwa mahali fulani, na huwa ananipigia simu nimfikishie Mama Tone salamu zake. Neno la Mama Tone lilikuwa moja tu, "Tone linatosha," na jina likamganda.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa malaika. Mwandiko wake ulikuwa wa kumtesa msomaji. Jokofu la sampuli alilipenda kuliko baadhi yetu. Mkurugenzi wetu wa zamani aliwahi kuweka humo bakuli la chakula chake cha mchana, akalikuta kwenye benchi nje, limebandikwa karatasi: "Mgonjwa huyu si wa hapa." Alilichukua kimya kimya, na kuanzia siku hiyo alikula ofisini kwake.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hasa limenifanya nichukue kalamu. Linahusu madini ya chuma, nalo si jambo la kujivunia mwanzoni.

Mtoto anapoletwa wodini kwangu akiwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, au amevimba miguu, viganja vyake mara nyingi huwa vimepauka. Akina mama wote huuliza swali moja: mbona hamumpi dawa ya kuongeza damu? Kila Alhamisi Mama Tone aliketi nao kwenye benchi la nje akawajibu. "Chuma ndicho kinachojenga damu, ni kweli. Lakini wadudu wa maradhi nao wanakipenda. Ukimpa mtoto chuma kingi siku anayochemka homa, huenda unawalisha wao. Kwanza tutibu homa, anywe maziwa ya tiba kidogo kidogo, arudishe hamu ya kula. Chuma zamu yake itafika."

Mtoto alipokaribia kuruhusiwa, ilibidi tujue ni nani ataendelea na dawa ya chuma nyumbani. Kipimo cha akiba ya chuma mwilini ndicho kilichoamua. Na hapa ndipo kanuni ya sindano moja ilipoingia. Mama Tone alipendekeza damu ya kipimo hicho ichukuliwe siku ya kwanza, pamoja na ya vipimo vingine, ili mtoto asichomwe tena siku ya kwenda nyumbani. Tulimpigia makofi. Tulipewa hata cheti cha pongezi, kikatundikwa ukutani korido nzima ikione. Majibu yakirudi yako juu, Mama Tone aliandika kwenye cheti cha mtoto "Chuma kinatosha", akatia saini, mtoto akaenda zake bila dawa.

Ilikuwa hivyo kwa miezi kumi na moja.

Asubuhi moja, miaka kumi na miwili iliyopita, fundi baiskeli mmoja alisimama mlangoni pa maabara akiwa amembeba binti yake wa mwaka na nusu. Mikono ya fundi ilikuwa bado na grisi. Mtoto tulimfahamu, tulimtibu akapona, akaondoka ana kilo nane na shavu. Sasa alikuwa amelala begani mwa baba yake, amepauka, na midomoni alikuwa na unga mweupe.

"Mama," fundi alisema, "mliniandikia chuma kinatosha. Hiki hapa cheti. Mbona mwanangu anakula ukuta?"

Hakusema kwa hasira. Nafikiri angekasirika ingekuwa afadhali. Alieleza kwamba mtoto anatambaa hadi kwenye kona ya chumba, analamba chokaa, na akiondolewa analia kama aliyenyang'anywa chakula. Sisi tulio kwenye kazi hii tunajua kwamba mtoto aliyeishiwa chuma anaweza kutamani udongo na chokaa. Mama Tone alijua kuliko sisi. Aliosha mikono, akampasha mtoto kisigino, akachukua damu, akaipeleka kwenye mashine mwenyewe. Majibu yalipotoka aliyasoma mara mbili. Damu ilikuwa imeshuka vibaya, na akiba ya chuma ilikuwa karibu na sufuri.

Akafungua daftari la mwaka uliotangulia, akatafuta siku mtoto yule alipolazwa. Akiba: juu sana. Joto la mwili siku hiyo: nyuzi thelathini na tisa.

Wakati huo palikuwa na daktari mtafiti, mama mpole mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa akichunguza homoni katika damu ya watoto wa wodi yangu. Hakuwachoma, alitumia mabaki ya sampuli zetu. Homoni aliyoifuatilia zaidi hutengenezwa na ini, na kazi yake ni kuuongoza mlango wa chuma mwilini. Maradhi yakiingia, homoni hiyo hupanda, na mlango hufungwa: chuma cha kwenye chakula hakipiti vizuri, na kile kilichomo ndani hufichwa ili wadudu wasikipate. Wakati huohuo kipimo cha akiba nacho hupanda kwa sababu ya maradhi yenyewe, hata kama akiba ni haba. Homa ikiisha, homoni hushuka, mlango hufunguka, na ukweli huonekana.

Mama Tone alimwendea mtafiti na daftari kifuani. Waliweka orodha zao mbili mezani, za homoni na za akiba, wakapitisha vidole mstari kwa mstari. Watoto waliofika na homa, karibu wote, homoni ilikuwa juu. Watoto wale wale ndio walioandikiwa "Chuma kinatosha". Mimi niliingia kuomba chupa za sampuli nikawakuta wameziinamia orodha hizo. Mama Tone alinyanyua uso. "Mdogo wangu," aliniambia, "nimewahurumia siku isiyokuwa ya huruma."

Jumatatu iliyofuata alisimama kwenye mkutano wa asubuhi kabla hajaitwa. Alisema kwamba damu ya siku ya kwanza haiwezi kuamua dawa ya siku ya kwenda nyumbani, kwamba wazo lile lilikuwa lake, na kwamba watoto arobaini na watatu wameondoka hapa na karatasi yenye makosa na saini yake. Kisha alikitoa kile cheti cha pongezi ukutani, akakiweka mezani kifudifudi.

Daktari mkuu wa watoto wa wakati ule alikuwa mtu mwema, naye alitaka kumpunguzia uchungu. "Yaliyopita si ndwele, Mama," alisema. "Tugange yajayo."

"Haya hayajapita, daktari," alijibu. "Yako mitaani. Mengine bado yanatambaa."

Daktari mkuu alivua miwani, akaifuta, akauliza anahitaji nini. Alihitaji muuguzi mmoja, sanduku la barafu, na ruhusa ya kutoka mchana. Muuguzi huyo nilikuwa mimi.

Tulitembea wiki tisa. Anwani za kwenye mafaili yetu ni za ajabu: "nyuma ya kinyozi", "nyumba ya mlango wa kijani, uliza". Milango ya kijani mjini humu ni mingi kuliko nilivyowahi kudhani. Tuliuliza, tukapotea, tukafukuzwa na bata mmoja ambaye Mama Tone alimwogopa kuliko daktari yeyote. Alikimbia na sanduku la barafu kichwani, mama wa miaka arobaini na minane, na wenye nyumba waliotoka kuona kelele ni za nini ndio waliotuonyesha mtoto tuliyekuwa tunamtafuta.

Katika nyumba moja, bibi wa mtoto alitukatalia mlangoni. Alikuwa amemfunga mjukuu mgongoni, na hakutaka aguswe. "Mlimtoboa mkasema yuko sawa. Leo mmekuja kumtoboa mseme nini?"

Nilianza kueleza mambo ya homoni na ini. Mama Tone alinigusa mkono ninyamaze.

"Mama, nilikosea," alisema. "Si hospitali, ni mimi. Nilimpima siku ana homa, nikaamini. Nimekuja kupima upya, na ukikataa nitarudi kesho nikuombe tena."

Bibi akafungua kanga. "Nimezeeka sasa," alisema. "Wa hospitali wamenipa dawa, wamenipa karatasi, wamenifokea. Wa kuja kwangu kusema amekosea ni wewe wa kwanza. Ingia ukae, mwanangu. Miguu yako ina vumbi."

Tuliwapata thelathini na tisa. Ishirini na sita kati yao walikuwa wameishiwa akiba, na wote walianza dawa ya chuma. Watatu walikuwa wamehama na familia zao, hatujawapata mpaka leo. Binti wa fundi baiskeli aliacha ukuta katika wiki ya tatu, na baba yake akaja kutuambia, mbio, bila kunawa grisi, kama mtu anayeleta habari ya mtoto kuzaliwa.

Mmoja alikuwa amefariki.

Mama yake alikuwa anafua nje tulipofika. Alitufahamu, akajipangusa mikono, akatuambia hata kabla hatujauliza: alipata nimonia, hakuchukua siku tatu. Mama Tone aliliweka sanduku la barafu mbali, nyuma ya mti, lisionekane. Aliketi chini kwenye jiwe la kufulia, akamweleza yote, tangu damu ya siku ya kwanza mpaka kile tulichokuja kufanya. Hakuna aliyemtuma amwambie. Angeweza kutoa pole na kuondoka.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiomba asiulize. "Ile dawa, dada, ningempa, angeishi?"

"Sijui," Mama Tone alisema. "Ningejua ningekuambia, hata kama jibu lingenihukumu. Sijui."

Yule mama alilia, naye Mama Tone akalia pamoja naye, kisha akavuta beseni, akaanza kusuuza nguo zilizobaki. Walizimaliza pamoja. Tuliporudi na kufika getini, Mama Tone alisema tu, "Kesho tunaanza na upande wa sokoni." Nilijua baadaye kwamba alikuwa akimtembelea mama yule mara kwa mara. Sikujua kutoka kwake.

Kanuni ikabadilishwa. Sasa mtoto huchomwa tena siku chache kabla ya kwenda nyumbani, homa ikiwa imekwisha, na akina mama wa wodini wenyewe ndio walioipa damu hiyo jina: damu ya kuaga. Haikuwa rahisi kwake. Mtu aliyepigania sindano moja miaka yote ndiye aliyelazimika kutetea watoto wachomwe ya pili. Mama mmoja alipomlaumu kwamba hana huruma, alijibu, "Huruma ninayo, mwanangu. Nimeifundisha kusoma kalenda."

Ripoti ya mtafiti ilipotoka, jina la Mama Tone lilikuwa la nne kati ya waandishi. Alialikwa kuzungumza mbele ya madaktari wengi, akapewa dakika kumi, akatumia nane, na tano kati ya hizo zilikuwa za kueleza alivyokosea. Hospitali nyingine tatu zimeuchukua utaratibu wetu tangu hapo. Ameacha nyuma yake wataalamu kumi na wanne aliowafundisha, maabara yenye vyumba vitatu na madirisha yanayofunga, na jokofu ambalo mpaka leo hakuna anayethubutu kuliwekea maziwa ya chai.

Ijumaa sherehe ilipangwa saa nane mchana. Saa nane ikafika, ukumbi ukajaa, mkurugenzi akaketi, keki ikawekwa, mgeni wa heshima hakuonekana. Nilimfuata. Alikuwa maabara, amevaa gauni lake jipya la bluu, na juu yake koti jeupe. Mtoto mmoja wa wodini kwangu alikuwa anaruhusiwa mchana huo, na damu yake ya kuaga ilikuwa imeganda kwenye chupa, haifai kupimwa. Mama yake alikuwa ameshafunga mizigo. Mtaalamu anayeshika nafasi yake alikuwa tayari kumshughulikia, na ni hodari, lakini alikataliwa kwa upole. "Wewe utakuwa nao wote kuanzia Jumatatu," Mama Tone alimwambia. "Huyu niachie."

Alipasha mikono. Alikipasha kisigino. Mtoto hakulia, alimshika kifungo cha koti tu akaking'ang'ania. Mashine huchukua dakika arobaini, na alikataa kuiacha. Kwa hiyo wafanyakazi wote wa hospitali hii, mkurugenzi akiwemo, tulikaa ukumbini tukingoja akiba ya chuma ya mtoto wa miezi kumi na sita. Chai ilipoa. Hakuna aliyeondoka.

Karibu saa tisa aliingia na karatasi mkononi, akapita moja kwa moja mbele ya meza kuu hadi nilipokuwa nimeketi. "Akiba yake ndogo," aliniambia. "Apewe dawa kabla hajapanda gari." Nikatoka mbio. Niliporudi, alikuwa ameshavua koti, ameketi kwenye kiti chake chenye maua, anamtazama mkurugenzi. "Haya," alisema, "mlikuwa mnasemaje?"

Zilitolewa hotuba nyingi. Fupi kuliko zote ilikuwa ya mumewe, mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekula chakula cha mchana peke yake na cha jioni kilichopoa kwa kumngoja. Alisimama, akakohoa, akasema yeye si msemaji, ana ombi moja tu kwa uongozi: akiondoka naye leo, tusimpigie simu kabla ya Jumatano.

Dada yangu, kwa niaba ya wodi ya lishe, ya maabara, na ya watoto ambao hawatakukumbuka kwa kuwa walikuwa wadogo mno, tunasema asante. Mkono wako ulikuwa mwepesi, na ulimi wako ulisema kweli hata ilipokuwa inakuuma wewe. Nenda nyumbani ukale chakula kikiwa cha moto, ulale mpaka utakapochoka kulala, uwashike wajukuu bila kuwatafuta mishipa. Mapumziko yako yawe mema na marefu, na afya iwe nyumbani kwako kila siku.

Jumatano tutapiga.